Nyoya la Mshale Lina Somo, Lirudi Darasani

WAHENGA walinena kwamba mshale usio na nyoya hauendi mbali. Vizazi vya wanafunzi wa Kiswahili vimeikariri methali hii, na kila mmoja wao akiulizwa aifafanue hujibu upesi kuwa mtu asiye na msaada wala maandalizi hafiki popote. Jibu hilo hupewa alama, kalamu ikawekwa chini, na mambo yakaishia hapo. Ni nadra mno kumsikia mwalimu au mwanafunzi akiuliza swali lililo jepesi zaidi: kwa nini mshale usio na nyoya usiende mbali? Nyoya lina uzito wa kudharaulika, halina makali, wala si lililokusudiwa kumpata mnyama. Lina kazi gani basi hata likatungiwa methali?

Naamini kwamba swali hilo linastahili kipindi kizima, na si katika somo la Kiswahili pekee. Tumezoea kufundisha maana ya ndani ya methali na kuiacha maana ya nje, kana kwamba wahenga walikuwa watu wa mafumbo tu, wasiojua kupima wala kuchunguza. Kumbe aliyetamka methali hii alikuwa fundi. Aliijua kanuni ya mwendo wa vitu hewani, na aliijua kwa sababu chakula cha jamaa yake kiliitegemea.

Hebu tuanze na ala yenyewe. Lugha yetu imezipa sehemu za mshale majina yake. Ufito wenyewe huitwa wano. Chuma cha mbele huitwa kigumba, na wengine hukiita chembe. Nyuma kabisa pana mpasuo mdogo unaopokea upote, yaani uzi wa upinde, na mbele kidogo ya mpasuo huo ndipo hufungwa manyoya. Mishale ikiwa mingi hutiwa katika podo. Ni wanafunzi wangapi wa kidato cha nne leo wanaoweza kuyataja majina hayo bila kufungua kamusi? Naogopa kwamba hata miongoni mwetu walimu idadi haitakuwa kubwa.

Sasa tuutazame mwendo. Mshale unapoachiwa hautoki umenyooka kama wengi tunavyodhani. Upote huusukuma kwa ghafla kutoka nyuma, ilhali uzito wa kigumba mbele unasita kuondoka. Kwa hiyo wano hujipinda, kisha likajikunjua na kujipinda upande wa pili, likaenda likitikisika mfano wa samaki majini. Katika miaka ya 1930 picha za kamera za kasi zilizopigwa huko Marekani zililidhihirisha jambo hilo kwa macho. Mshale hutoka ukiwa na kasoro, na lazima kuwe na kitu cha kuirekebisha kasoro hiyo kabla haijakua.

Kitu hicho ni nyoya. Kila mshale una kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo ukiulaza juu ya kidole utatulia bila kuinama. Una pia mahali ambapo tunaweza kusema kani yote ya hewa inakutana. Ikiwa kani ya hewa inakutana nyuma ya kitovu cha uzito, mkia ukienda kombo hewa itausukuma urudi mahali pake, na mshale utanyooka. Ikiwa inakutana mbele ya kitovu hicho, kombo ndogo itazaa kombo kubwa, na mshale utageuka ubavu. Manyoya huongeza eneo la kushikwa na hewa huko nyuma, na kwa kuwa yako mbali na kitovu cha uzito, kani ndogo tu hutosha kuleta mgeuko mkubwa. Hii ndiyo kanuni ya wenzo ambayo wanafunzi hufundishwa kwa rula na vijiwe vya mizani.

Hapo ndipo methali inapokamilika. Nyoya huupunguzia mshale kasi, kwa sababu lenyewe hukinzana na hewa. Mtu angeweza kudhani kuwa kuling'oa kutaufanya mshale uende mbali zaidi. Lakini mshale uliogeuka ubavu hukinzana na hewa mara nyingi zaidi ya ule unaotangulizwa na ncha, hivyo huanguka karibu. Nyoya linatoza kodi ndogo ili kuepusha hasara kubwa.

Tatizo huzidi kigumba kinapokuwa kipana. Wawindaji wa Marekani, ambako uwindaji kwa upinde unaruhusiwa na sheria katika majira maalumu, hulijua jambo hili vyema. Wao hufanya mazoezi kwa ncha nyembamba iliyochongoka kama kalamu, na mishale yao hukusanyika pamoja shabahani. Wakiitoa ncha hiyo na kutia kigumba chenye makali mapana, mishale ileile, kutoka kwa upinde uleule na mikono ileile, huanza kutawanyika. Sababu ni kwamba makali mapana ni mabawa madogo yaliyowekwa mbele. Nayo hushikwa na hewa, na kuivuta kani ya hewa isogee mbele kukikaribia kitovu cha uzito. Manyoya yaliyotosha jana hayatoshi leo.

Kwa hiyo kuchagua nyoya ni kupima mambo kadha. La kwanza ni ukubwa. Kwa kigumba kipana, aghalabu watumiaji wa pinde za kijadi huchagua manyoya matatu yenye urefu wa inchi 4 hadi 5, yaani takriban sentimita 10 hadi 13. Wengine hufunga manne yaliyo mafupi kidogo. Nyoya kubwa mno nalo lina madhara yake: huula mwendo, huvuma kiasi cha kumshtua mnyama, na upepo wa ubavuni huusukuma mkia. Busara iko katika kutafuta nyoya dogo kabisa ambalo bado linaweza kukitawala kigumba.

La pili ni mzunguko. Nyoya likifungwa kwa mshazari kidogo badala ya kunyooka sambamba na wano, mshale huzunguka ukiwa hewani. Mzunguko huo hausahihishi kosa la kigumba kilichofungwa kombo, bali huligawa pande zote, hata lisipate nafasi ya kuvuta upande mmoja tu. Ndiyo maana manyoya ya mshale mmoja hutolewa katika bawa la upande mmoja. Nyoya la bawa la kulia na la kushoto hujikunja kwa namna tofauti, na ukiyachanganya moja hulipinga jingine.

La tatu ni aina. Siku hizi yapo manyoya ya plastiki, ambayo hayalowi mvua na hudumu muda mrefu. Nyoya halisi ni jepesi zaidi, lina mikwaruzo inayoishika hewa vizuri, na likigusa ubavu wa upinde hulala kisha likainuka bila kuupotosha mshale. Plastiki ikigusa husukuma. Kwa upinde usio na kishikio cha kuuinua mshale, nyoya la ndege ndilo bora, ijapokuwa likilowa hulala na kupoteza nguvu.

La nne, ambalo wengi hulisahau, ni kwamba nyoya haliwezi kuficha kosa la wano. Ikiwa wano ni laini mno au gumu mno kwa upinde husika, mshale utatoka ukiwa umepinda kupita kiasi, na nyoya litachelewa kuunyoosha. Fundi mzuri hujaribu kwanza mshale usio na nyoya kutoka karibu, akaona unaelekea wapi, kisha akarekebisha wano au uzito wa mbele. Baada ya hapo hutupa ncha ya mazoezi na kigumba kipana kwa umbali mmoja. Zikipiga mahali pamoja, kazi imekwisha. Zikitengana, arudi mezani.

Pengine msomaji atauliza haya yote ni ya nini kwa nchi isiyoruhusu uwindaji. Nitafika huko. Kwanza nataka tukumbuke kwamba jambo hili lina upande wa utu. Mshale unaofika ukitikisika huupoteza msukumo wake ubavuni badala ya kuutia ndani. Mnyama hujeruhiwa, akakimbia na kufa polepole vichakani, bila faida kwa yeyote. Aliyekaa jioni nzima akifunga nyoya moja kwa uangalifu alikuwa akipunguza mateso ya kiumbe ambacho hajakutana nacho.

Katika Afrika Mashariki maarifa haya yalichukua njia yake. Wakamba, Wagiriama na Waata walitumia sumu iliyochemshwa kutokana na mti wa msungu. Sumu hiyo hushambulia moyo, na kiini chake kilitengwa katika maabara huko Ufaransa mwaka 1888. Mwindaji wa Marekani hutegemea kuvuja kwa damu, kwa hiyo anahitaji makali mapana. Mwindaji aliyetegemea sumu hakulazimika kuwa na kigumba kipana. Alihitaji kiingie tu na kubaki ndani. Hivyo namna ya kuua huamua kigumba, na kigumba huamua nyoya. Huo ni mfululizo wa fikra ambao mhandisi yeyote angeutambua.

Waata, waliokuwa wakiwinda ndovu katika nyika za Tsavo na Galana, walisifika kwa pinde nzito ambazo wageni wengi walishindwa kuzivuta. Mbuga ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948, na katika kampeni kali ya 1956 na 1957 wengi wao walikamatwa na kufungwa. Sitetei mauaji ya ndovu. Nasema tu kwamba siku ile mtu alipotiwa pingu, maarifa ya kuchagua wano, kuchemsha sumu na kufunga nyoya yalitiwa pingu pamoja naye, na hakuna aliyefika na daftari kuyaandika kabla mlango haujafungwa. Mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji nchini kote, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imeongeza adhabu, hata kwa anayewinda kitoweo cha nyumbani. Wazee waliojifunza ufundi huu kabla ya marufuku hayo sasa ni wa kuhesabika.

Ng'ambo ya mpaka, kandokando ya Ziwa Eyasi huko kaskazini mwa Tanzania, Wahadzabe wangali wakiwinda kwa upinde. Wao hufua misumari kuwa vigumba, na hutumia manyoya ya ndege kama vile kanga. Wana mishale ya ncha ya mti kwa ndege na wanyama wadogo, na ya chuma kwa wanyama wakubwa. Mtoto wa kiume huanza kushika upinde angali mdogo sana, na darasa lake halina ubao.

Wenzetu wa mbali walifanya nini na maarifa kama haya? Mwaka 1911 mtu mmoja wa kabila la Yahi, aliyekuja kujulikana kwa jina la Ishi, alijitokeza karibu na Oroville, California, akiwa wa mwisho wa watu wake. Alipelekwa San Francisco, na huko daktari mmoja, Saxton Pope, akawa mganga wake na pia mwanafunzi wake. Ishi alimfundisha kuchonga upinde, kuchagua nyoya na kulifunga kwa kano za mnyama. Ishi alifariki mwaka 1916. Mwaka 1923 Pope alichapisha kitabu kuhusu uwindaji kwa upinde, na kitabu hicho ndicho kilichowasha upya hamu ya ufundi huo Marekani nzima. Mwaka 1925 Pope na mwenzake Arthur Young walifika hadi Tanganyika kuwinda simba kwa mishale. Kinaya kilichoje! Wageni walivuka bahari waje kujaribu pinde zao katika bara ambalo wenyeji wake hakuna aliyewaomba waandike kuhusu zao.

Mfano wa pili unatuhusu sisi walimu moja kwa moja. Mwaka 1545 Mwingereza Roger Ascham alichapisha kitabu kiitwacho Toxophilus, mazungumzo ya watu wawili kuhusu upinde. Ndani yake alijadili bila haya ni ndege gani atoe nyoya, akalipendelea la bata bukini, na akapima kama litwaliwe la ndege mzee au mchanga, la bawa hili au lile. Ascham hakuwa mwindaji wa msituni. Alikuwa msomi wa Cambridge, na baadaye akawa mwalimu wa Elizabeth, aliyekuja kuwa malkia. Zaidi ya hayo, aliandika kwa Kiingereza wakati ambapo wasomi walikidharau Kiingereza na kuandika kwa Kilatini, na alijua kuwa itambidi ajitetee kwa kufanya hivyo. Leo Kiingereza ndicho tunachoambiwa kuwa lugha pekee inayoibeba fizikia. Kuna wakati nacho kilihitaji mwalimu jasiri wa kukibebesha nyoya la mshale.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Wapo watakaosema kwamba mshale si mchezo katika nchi hii. Ni kweli. Katika mapigano ya kikabila ya 1992 huko Bonde la Ufa, na tena baada ya uchaguzi wa 2007, mishale iliwaua raia wasio na hatia, na hospitali zetu zilipokea watu waliochomwa nayo. Silipuuzi jambo hilo, wala simtaki mwalimu yeyote alete kigumba cha chuma darasani. Lakini hatukuacha kufundisha kemia kwa sababu ya mabomu. Kijana asiyeelezwa mshale ni kitu gani atafundishwa maana yake na mchochezi.

Wapo pia watakaohofia kwamba tutawahimiza watoto wawinde. Sheria ni sheria, na mwalimu aanze kipindi kwa kuieleza. Aidha manyoya ya ndege wa porini yasiguswe. Tumbusi, ambao manyoya yao yalithaminiwa na mafundi wengi, wamo hatarini. Mwaka 2015 aina kadha za tumbusi wa Afrika ziliwekwa katika daraja la viumbe walio karibu kabisa kutoweka. Jogoo wa nyumbani anatosha kwa kazi yetu.

Kazi hiyo haina gharama. Mwalimu wa fizikia na wa Kiswahili wakae pamoja. Wanafunzi walete mabua makavu ya mtama yaliyonyooka, udongo wa mfinyanzi, manyoya ya kuku, uzi na kadibodi. Kila kundi litengeneze mishale mitatu yenye kidonge cha udongo mbele badala ya ncha. Wa kwanza usiwe na nyoya. Wa pili uwe na manyoya matatu. Wa tatu uwe na manyoya yaleyale matatu, lakini karibu na kidonge cha mbele ufungiwe mabawa mawili ya kadibodi mfano wa kigumba kipana. Itupwe kwa mkono uwanjani, mbali na watu, na kila mtupo uandikwe. Kisha wakuze manyoya ya ule wa tatu kidogo kidogo hadi utulie. Hapo watakuwa wamegundua wenyewe alichokigundua mhenga.

Wakirudi ndani wapige hesabu. Mshale unaokwenda mita 50 kwa sekunde utafika shabaha iliyo umbali wa mita 20 kwa sekunde 0.4, na tukiuacha ukinzani wa hewa kando, katika muda huo mvuto wa ardhi utakuwa umeuteremsha takriban sentimita 78. Wapime pia urari: bua la sentimita 80 linalotulia kwenye kidole sentimita 48 kutoka mkiani, limezidiwa uzito mbele kwa asilimia 10 ya urefu wake. Hesabu kama hizo hazisahauliki, kwa kuwa mwanafunzi amezishika mkononi kabla ya kuziandika.

Mchezo wenyewe una mustakabali pia. Ulengaji shabaha kwa mishale ulirudi katika Olimpiki mwaka 1972 baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 50. Mwaka 2016 mlengaji wetu, Shehzana Anwar, ndiye aliyeibeba bendera ya Kenya katika ufunguzi wa michezo ya Rio de Janeiro. Ni wanafunzi wangapi wa Kitui, Malindi au Voi, nyumbani kwa mafundi wa mishale, waliowahi kuambiwa habari hiyo?

Mtaala wa umilisi umetuhimiza tuache kumimina maneno na tuanze kutenda. Mwito huo ni mwema, lakini utabaki maneno ikiwa kila tendo litasubiri vifaa kutoka Nairobi. Nawasihi walimu wenzangu wamwalike mzee mmoja wa kijiji kabla likizo ijayo haijafika, wamketishe mbele ya darasa kwa heshima anayostahili, na wamwachie mwanafunzi mmoja kazi ya kuandika kila neno analolitaja kwa lugha yake na kwa Kiswahili. Mzee huyo hatatungoja. Naye mwanafunzi aliyeandika, siku akiulizwa kwa nini mshale usio na nyoya hauendi mbali, atajibu kwa maana zote mbili.